Nyumba za Kupangisha: Fedha Taslimu au Mkopo wa Benki? Hukumu na Mwongozo kwa Anayetaka Kujenga

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Swali hili limekuwa likitufikia kwa sura nyingi. Mtumishi aliyestaafu amepokea kiinua mgongo na anataka kujenga nyumba za kupangisha Fuoni. Ndugu yetu aliyeko Uingereza anaambiwa na wenzake kazini kuwa mwenye akili hanunui nyumba kwa fedha yake, hununua kwa fedha ya benki. Mama mwenye duka Darajani ameitwa na afisa wa mikopo, akaoneshwa karatasi na kuambiwa kuwa mpangaji ndiye atakayelipa deni, yeye atabaki na nyumba. Kiini cha maswali yote ni kimoja. Mtu anataka nyumba mbili tatu za kupangisha, zimsitiri uzeeni na ziwafae watoto wake baada yake. Je, ajenge kwa fedha yake, taratibu, au achukue mkopo wa nyumba apate zote kwa haraka?

Jibu kwa ufupi

Kwanza: mkopo wenye riba kwa ajili ya nyumba ya kupangisha haujuzu. Dharura ambayo baadhi ya wanachuoni wameizingatia kwa nyumba ya kuishi haipo hapa.

Pili: kununua au kujenga kwa fedha taslimu ndiyo njia iliyo salama zaidi, lakini fedha taslimu peke yake haiifanyi biashara kuwa halali. Ina haki zake na ina mitego yake.

Tatu: baina ya njia hizo mbili ipo mikataba ya kununua kwa awamu, ya ijara na ya ushirika. Inajuzu pale inapotimiza masharti yake katika utekelezaji. Jina zuri juu ya fomu halitoshi.

Yanayofuata ni ufafanuzi wa haya matatu.

Kwa nini mkopo wa riba haujuzu

Allah katika Suratul Baqara, aya ya 275, ametenganisha baina ya biashara na riba, la kwanza amelihalalisha na la pili ameliharamisha. Katika aya za 278 na 279 za sura hiyo hiyo ametoa onyo ambalo hakulitoa kwa madhambi mengi mengine, nalo ni vita kutoka Kwake na kwa Mtume Wake. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.), laana haikumfikia mla riba peke yake, bali imemfikia pia anayeilipa, anayeiandika na wanaoishuhudia. Kwa hiyo hoja ya kuwa "mimi sili riba, mimi nailipa tu" haina nafasi.

Majma ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyopo Jeddah ililipitia suala la riba za benki mwaka 1985, ikakata kuwa kila nyongeza inayowekwa juu ya deni, tangu mwanzo wa mkataba au kwa sababu ya kuchelewa, ni riba. Mwaka 1990 Majma hiyo hiyo ililijadili jambo la kununua na kujenga nyumba hasa. Ilikiri kuwa makazi ni haja ya msingi ya mwanadamu, na pamoja na kukiri hivyo ikasema kuwa mikopo ya riba kwa ajili ya nyumba ni haramu, iwe riba hiyo ni ndogo au kubwa.

Ndugu zetu walioko Ulaya hutuuliza: je, si wanachuoni wa huko wamelegeza? Ni kweli kuwa Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, katika kikao chake cha mwaka 1999, kwa wingi wa wajumbe wake, liliruhusu mkopo wa nyumba kwa Mwislamu anayeishi nchi isiyo ya Kiislamu pindi anapokosa njia mbadala. Wanachuoni wengine hawakukubaliana nalo, na sisi tunaona hoja za wasiokubali zina nguvu zaidi. Lakini hata anayeifuata fatwa hiyo aisome mpaka mwisho. Iliwekewa masharti: nyumba iwe ya kuishi yeye na ahali zake, asiwe na nyumba nyingine inayomtosha, na asiwe na mali ya ziada itakayomwezesha kuipata kwa njia nyingine. Nyumba ya kupangisha imetoka nje ya masharti hayo tangu hatua ya mwanzo. Anayekopa ili apate nyumba ya pili, ya tatu na ya nne anataka kuongeza mali. Kutaka kuongeza mali si dhambi, lakini si dharura, na haramu haihalaliki kwa sababu ya tamaa ya ziada.

"Mpangaji ndiye atakayelipa": tuihesabu

Kwa kuwa hoja hii imewavuta wengi, tuipige hesabu. Tuchukue mfano wa nyumba ndogo ya gharama ya shilingi 60,000,000, inayopangishwa kwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Tuseme mkopo ni wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ikihesabiwa juu ya deni lililobaki.

Malipo ya kila mwezi yatakuwa kiasi cha shilingi 840,000. Ukijumlisha miaka yote 15, aliyekopa milioni 60 atalipa kiasi cha milioni 151. Riba peke yake ni zaidi ya milioni 90, yaani bei ya nyumba moja na nusu nyingine. Katika mwezi wa mwanzo, ndani ya zile 840,000, riba ni 750,000 na deni lenyewe linapungua kwa 90,000 tu. Kodi ya mpangaji, tukiondoa shilingi 50,000 za matengenezo na miezi ambayo nyumba hukaa tupu, ni 300,000. Shilingi 540,000 zilizobaki anazitoa nani? Anazitoa mwenye nyumba, kutoka katika mshahara wake au duka lake, kila mwezi kwa miaka 15.

Sasa tumtazame anayeweka akiba. Tuseme anaweza kutenga shilingi 1,000,000 kila mwezi, na bei na kodi zibaki pale pale ili hesabu iwe nyepesi. Nyumba ya kwanza ataipata baada ya miezi 60. Akiongeza kodi ya 300,000 juu ya akiba yake, ya pili itamchukua kiasi cha miezi 46. Akiwa na kodi ya nyumba mbili, ya tatu itamchukua kiasi cha miezi 38. Kwa miaka 12 atakuwa na nyumba tatu, na hadaiwi na mtu. Aliyekopa, kama naye ana uwezo ule ule wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, akitoa zile 540,000 za kujazia deni atabakiwa na 460,000 za kuweka. Ndani ya miaka hiyo hiyo 12 atakuwa ameipata ya pili kwa taabu, na ile ya kwanza bado ina miaka mitatu ya deni.

Mwenye kipato kidogo zaidi ahesabu kwa kiasi chake, njia ni ile ile.

Wapo watakaosema kuwa bei ya saruji, nondo na mabati hupanda, na anayesubiri huikuta akiba yake imepungua nguvu. Hili ni kweli, na dawa yake wazee wetu waliijua: wasiache fedha ikae bure. Mtu hununua kiwanja kwanza, kisha mawe na matofali, kisha akapiga msingi, kisha kuta, kisha akaezeka. Kila shilingi inayopatikana inageuka kuwa kitu kabla bei haijapanda.

Na yupo ndugu yetu wa London au Toronto atakayesema kuwa huko riba iko chini, na kodi inaweza kuzidi malipo ya benki. Inawezekana, na huko hesabu inaweza kumuonesha faida. Ndiyo maana hukumu hatukuisimamisha juu ya hesabu. Tumeileta hesabu ili kumtoa mtu katika udanganyifu, ama uharamu wa riba umesimama juu ya amri ya Mola, ikiwa kuna faida au hakuna.

Lililotufikia mwaka 2020

Kijana mmoja alikuja kwetu pamoja na mama yake. Miaka miwili nyuma alikuwa amekopa benki akanunua nyumba mbili karibu na ukanda wa hoteli, akazipangisha kwa wafanyakazi wa hoteli. Kwa kuwa kiwanja chake mwenyewe hakikutosha kuwa dhamana, mama alitia saini kuiweka rehani nyumba ya familia aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikaja mwaka 2020, wageni wakakatika kwa maradhi ya korona, hoteli zikafunga, na wapangaji wakarudi kwao Pemba na Bara. Kodi ikasimama lakini deni halikusimama. Barua ya benki iliyoletwa nyumbani haikumtaja mpangaji yeyote. Ilimtaja mama.

Familia ilikaa, ikachangishana, ikaziuza zile nyumba mbili kwa bei ya hasara ili kuiokoa nyumba ya mama. Waliiokoa kwa tabu kubwa. Ndugu wawili katika hao hawasemezani mpaka leo.

Tumelieleza hili kwa sababu ndani yake inaonekana hekima ya sharia. Katika biashara ya halali, anayevuna faida ndiye anayebeba hasara. Katika mkopo wa riba, benki ina fungu lake katika kila hali, na hasara yote humwangukia mkopaji na waliomsimamia. Kwa hiyo anayechagua baina ya fedha taslimu na mkopo asiulize tu "ipi itanipa nyumba mapema?" Aulize pia: siku kodi itakaposimama, nyumba ya nani itauzwa?

Fedha taslimu nayo ina haki zake

Baadhi ya watu wakishasikia kuwa mkopo wa riba ni haramu, hudhani kuwa mwenye fedha mkononi amesalimika na kila kitu. Yapo mambo ya kuzingatia.

Zaka ya akiba. Fedha inayowekwa kwa ajili ya kujenga, ikifikia nisabu na ikatimiza mwaka, inatolewa zaka ya asilimia 2.5, hata kama nia ya mwenyewe ni kuijengea. Aliyeweka milioni 40 zikatimiza mwaka atatoa milioni 1. Ama nyumba yenyewe ikishajengwa kwa ajili ya kupangisha, thamani yake haina zaka. Zaka inakuwa katika kodi yake, ikibaki mkononi ikafikia nisabu na kutimiza mwaka. Hivi ndivyo ilivyokata Majma ya Fiqhi mwaka 1985. Kiwanja kilichonunuliwa kwa nia ya kujenga nyumba ya kupangisha hakina zaka. Lakini kilichonunuliwa kwa nia ya kuuzwa bei ikipanda ni mali ya biashara, na zaka yake ni kila mwaka kwa thamani ya siku hiyo.

Hija. Mwenye fedha ya nyumba ya kupangisha, ana afya, njia iko salama, wanaomtegemea wana riziki yao, na hajahiji, basi hija imemlazimu. Wanachuoni wengi wanaona kuwa ni wajibu wa haraka. Hatujui hoja ya kuichelewesha hija kwa ajili ya kuezeka nyumba ya tatu.

Kiinua mgongo. Tunawanasihi wastaafu wasikitie chote katika ujenzi. Tumewaona waliokwama kwenye lenta, fedha imekwisha, na dawa ya mwezi wanaomba kwa watoto. Tenga kwanza matumizi ya mwaka mmoja au miwili, lipa madeni, kisha ujenge kwa kilichobaki. Nyumba ya milango miwili iliyokamilika ni bora kuliko ya milango sita isiyo na bati.

Fedha ya watu. Amana ya mayatima, fungu la mirathi la ndugu ambao hawajagawiwa, mahari ya mke, haya si mtaji wa mtu. Mwenye kujengea mali ya warithi wenzake bila ya ridhaa yao amedhulumu, hata kama hakuna benki iliyohusika.

Nyumba ya rehani. Huu ndio mtego mkubwa wa mwenye fedha taslimu hapa kwetu. Mtu ana shida, anamwendea mwenye fedha, naye anamwambia: "Chukua milioni 20, nipe nyumba yako, nitachukua kodi yake mpaka utakaponirejeshea fedha yangu." Wengine huita mauziano, lakini wamekubaliana kuwa fedha ikirudi nyumba inarudi. Historia ya visiwa vyetu inaujua mkataba huu. Ndio ule wa bei ya khiyari, ambapo mwenye shamba "aliliuza" kwa mkopeshaji, akabaki humo humo akilipa kodi, na kodi hiyo kwa hakika ilikuwa riba iliyovikwa kanzu. Madeni ya wakulima wa karafuu yalifika mahali ambapo mwaka 1934 serikali ya wakati ule ililazimika kutoa amri ya kuzuia ardhi isiendelee kuwatoka wenyewe. Majma ya Fiqhi ilikata mwaka 1992 kuwa mauziano ya namna hii kwa hakika yake ni mkopo unaovuta manufaa, na hayajuzu. Anayejikusanyia nyumba za kupangisha kwa njia hii ni mla riba, ingawa hajawahi kufungua mlango wa benki.

Maandishi na mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, imekuja kufundisha kuandika madeni na kushuhudisha. Ununue kwa hati, kwa mashahidi, na kwa kumshirikisha sheha wa eneo. Uhakikishe kuwa muuzaji ndiye mwenye mali na kwamba si nyumba ya mirathi isiyogawiwa wala ya wakfu. Kupunguza gharama ya mwanasheria leo kumewagharimu wengi miaka kumi ya mahakama.

Mikataba ya benki za Kiislamu: nini cha kuuliza

Alhamdulillah, leo njia mbadala zipo. Zanzibar kuna huduma za Kiislamu za Benki ya Watu wa Zanzibar kupitia PBZ Ikhlas, Tanzania Bara kuna Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, na Kenya benki kamili za Kiislamu zimekuwepo tangu mwaka 2008. Uingereza, sheria ya kodi ilirekebishwa mwaka 2003 ili nyumba inayonunuliwa na taasisi kisha ikauzwa kwa mteja isitozwe ushuru wa mauziano mara mbili, na tangu hapo njia imekuwa nyepesi zaidi.

Wengi hulalamika kuwa gharama ya benki ya Kiislamu inakaribiana na ya benki ya riba, kwa hiyo tofauti iko wapi? Tofauti haiko katika bei. Mwenye duka anaweza kuuza kitu kwa awamu kwa bei ya juu kuliko ya taslimu na ikawa halali, kwa sababu ameuza kitu alichokimiliki na akabeba dhamana yake. Basi unapokaa mbele ya afisa, yaulizie haya:

1. Katika murabaha, je, benki inakinunua kitu na kukimiliki kabla ya kukuuzia? Sharia imekataza mtu kuuza asichokuwa nacho. Kwa anayejenga, murabaha ya vifaa vya ujenzi ni ya kawaida hapa kwetu, na hapa ndipo penye ubovu mkubwa. Mteja huafikiana na mwenye duka, ankara inaandikwa ya saruji na nondo, benki inalipa, kisha mwenye duka anamkabidhi mteja fedha taslimu na kukata chake. Hakuna saruji iliyouzwa wala kununuliwa. Hiyo ni fedha kwa fedha yenye nyongeza, na dhambi yake ni ya waliokula njama, hata kama benki haikujua.

2. Je, bei ni moja, haiongezeki ukichelewa? Deni la murabaha likishafungwa halizidi hata shilingi. Kama ipo faini ya mchelewaji, je, inakwenda katika sadaka au inaingia katika faida ya benki? Ikiingia katika faida, hiyo ni riba ya kijahiliya. Na mwenye dhiki ya kweli Allah ameamrisha apewe muhula, katika aya ya 280 ya sura ile ile.

3. Katika ijara inayoishia kwa umiliki, nani anabeba matengenezo makubwa? Nyumba ikiungua au ikaanguka bila ya uzembe wako, je, kodi inasimama? Mwenye mali ndiye anayebeba hasara ya mali. Mkataba unaokutwika wewe yote hayo huku nyumba ikiwa ya benki si ijara ya kweli.

4. Katika ushirika unaopungua, ambapo wewe na benki mnamiliki nyumba pamoja nawe unanunua fungu lake kidogo kidogo, je, hasara inagawanywa kwa kadiri ya mafungu? Viwango vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, haviruhusu kushurutisha kuwa fungu litanunuliwa kwa bei ile ile ya mwanzo, kwa sababu kufanya hivyo ni kumdhamini mshirika mtaji wake.

5. Kama unapewa "fedha taslimu kwa njia ya Kiislamu" kupitia mauziano ya bidhaa ambazo hutaziona wala kuzigusa, ujue kuwa tawarruqi iliyopangwa ya namna hii Majma ya Fiqhi iliikataa mwaka 2009.

6. Je, ipo bodi ya wanachuoni inayoukagua mkataba huo, na fatwa yake inaweza kusomwa?

Vivyo hivyo kwa anayenunua nyumba ambayo bado haijajengwa, kama inavyofanyika sasa katika miradi ya Fumba. Huo ni mkataba wa istisnai, nao unajuzu kulipwa kwa awamu, ikiwa sifa za nyumba, bei na muda wa kukabidhiwa vimebainishwa. Usiuze mkataba huo kwa mwingine kabla nyumba haijasimama na kukabidhiwa kwako.

Na hata mkataba wa halali ni deni. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah na mzigo wa deni, na roho ya muumini imefungamana na deni lake mpaka lilipwe. Usichukue awamu ambazo huwezi kuzilipa bila ya kodi. Ukiweza kulipa hata miezi sita nyumba ikiwa tupu, hapo uko katika salama.

Ushirika wa ndugu na marafiki

Njia ambayo watu wetu hawajaitumia vya kutosha ni shirika. Ndugu wanne, kila mmoja akitoa milioni 15, wananunua nyumba ya milioni 60 leo, bila ya riba na bila ya kungoja miaka mitano. Kodi inagawanywa kwa mafungu, na hasara pia. Upatu nao, ambao kila mmoja anatoa sawa na kupokea sawa kwa zamu, wanachuoni wengi wa zama hizi wameujuzisha, kwa kuwa hakuna anayepokea zaidi ya alichotoa.

Lakini ushirika bila ya maandishi ni ugomvi unaosubiri. Ndugu aliyeko Muscat au London anatuma fedha, aliyeko Unguja anasimamia fundi, na hati inaandikwa jina la huyu wa Unguja kwa urahisi. Mwaka wa kumi, mmoja anafariki. Warithi wanaiona hati, hawaioni fedha iliyotumwa. Andikeni tangu siku ya mwanzo: nani katoa nini, msimamizi ni wakala au ni mshirika, ujira wake ni kiasi gani, na mmoja akitaka kutoka fungu lake litauzwa vipi.

Aliyekwisha ingia katika mkopo wa riba

Asikate tamaa na asijihalalishie. Inampasa atubie, asiongeze mkopo mwingine, na ajitahidi kulimaliza deni mapema kadiri awezavyo. Kama ana nyumba mbili za mkopo na kuuza moja kutamaliza deni la zote, tunamnasihi auze. Kama anaweza kuhamishia deni katika mkataba sahihi wa benki ya Kiislamu, na afanye hivyo baada ya kuuliza.

Ama nyumba yenyewe na kodi yake, rai ya wanachuoni wengi wa zama hizi ni kuwa fedha aliyokopa imeingia katika miliki yake na nyumba aliyoinunua ni yake. Kodi anayopokea kwa wapangaji si haramu. Dhambi iko katika mkataba wa riba, nao ndio wa kutoka. Kwa hiyo halazimiki kuibomoa wala kuitoa nyumba sadaka, lakini asiifanye rai hii kuwa ngazi ya kuingilia kwa makusudi.

Na kwa wazazi tunasema hivi: msitie saini kuiweka rehani nyumba mnayoishi kwa ajili ya biashara ya mtoto, hata akiwa mwema wa kupigiwa mfano. Wema wake hauzuii hoteli kufungwa.

Khitimisho

Mwenye kutaka nyumba za kupangisha na aanze na moja. Amalize madeni yaliyoko, atoe zaka, aweke akiba ya dhiki, kisha anunue kiwanja chenye hati safi na ajenge kwa hatua. Kodi ya kwanza aielekeze kwenye nyumba ya pili. Akihitaji kuongezewa nguvu, atafute washirika kabla ya wakopeshaji. Akiiendea benki ya Kiislamu, aende na maswali sita tuliyoyataja, na mkataba ausome kabla ya kutia saini, au amuoneshe mwenye elimu.

Nyumba iliyojengwa kwa miaka kumi na mbili, ikaachwa kwa warithi bila ya deni, hugawiwa kwa utulivu. Iliyopatikana kwa siku moja kwa saini ya riba, warithi wake huanza mirathi kwa kusoma barua za benki.

Mwenye suala lenye mazingira yake maalumu asijikate kwa makala hii peke yake. Amwendee mwanachuoni aliye karibu naye akiwa na mkataba mkononi, kwani hukumu hufuata kilichoandikwa na kilichotendeka, si kilichosimuliwa.

Tunamuomba Allah atutosheleze kwa halali Yake tusiihitaji haramu, na atubarikie katika kichache kilicho safi.

Wallahu a'lam.